Embe Lililonuna: kwa mzazi anayetaka mtoto wake achore

Wiki iliyopita mama mmoja wa Sakina, Arusha, alinitumia ujumbe. Ana binti wa miaka sita ambaye kila karatasi inayoingia nyumbani, hata bili ya maji, anaijaza michoro. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, mimi mwenyewe sijui kuchora hata kikombe. Nimfundisheje?" Ujumbe wa namna hii unanifikia mara kwa mara, kwa hiyo najibu hapa ili na wengine wafaidike.

Mwanzishie matunda na vitu vitamu, kisha kila kimoja mkipe sura. Chungwa linacheka, andazi lina usingizi, lambalamba linalia kwa sababu linayeyuka. Nafundisha watoto barazani kwangu, Pasua, hapa Moshi, kila Jumamosi, na sijaona njia nyingine inayomfanya mtoto ashike penseli kwa furaha kiasi hiki. Ukimwambia achore mbuzi, miguu minne itamshinda, ataona mwenyewe kwamba imekaa vibaya, atachana karatasi. Chungwa likipinda kidogo bado ni chungwa. Watoto wengi wanaweza kuchora duara wakiwa na miaka 3, lakini pembetatu huwajia baadaye, kwenye miaka 5 hivi. Ndiyo maana wale wadogo kabisa siwapi kipande cha tikiti. Naanza nao na chungwa, wakizoea tunakwenda kwenye embe na parachichi.

Kazi kubwa iko kwenye macho. Mtoto akiachwa mwenyewe huyaweka juu kabisa, karibu na kikonyo. Mwambie ayashushe chini ya nusu ya duara, ayatenganishe, na mdomo mdogo ukae katikati yake. Hapo tunda linakuwa la kitoto mara moja. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliandika mwaka 1943 kwamba paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini na mashavu ya mviringo ndivyo vinavyotufanya tumpende na kumhurumia mtoto mchanga. Wajapani wana mtindo mzima wa uchoraji unaofuata sura hiyo, unaitwa kawaii. Halafu ndani ya kila jicho jeusi aache nukta ndogo nyeupe. Jicho lisilo na nukta hiyo linaonekana limekufa.

Sasa nieleze nilikotoka, maana wengi mnaona baraza limejaa watoto na mnadhani mambo yalianza hivyo. Nilikuwa nafundisha uchoraji kwa kujitolea katika shule moja, kipindi kimoja kwa wiki. Siku moja mkuu wa shule akaingia, akakuta ubaoni nanasi limevaa miwani. Akaniuliza, mbele ya watoto, hilo nanasi litatoka kwenye mtihani gani. Watoto waliokuwa wamenyoosha mikono wakaishusha wote. Baadaye kipindi changu kikapewa hesabu, na hakuna aliyeniambia hata asante. Jambo lile linaniuma mpaka leo, hasa kwa kuwa aliliuliza mbele yao.

Na hesabu zilikuwepo palepale! Mezani kulikuwa na nanasi halisi, watoto walikuwa wanahesabu mistari ya vigamba vyake. Vigamba hivyo vimepangwa kwa mistari inayozunguka. Ukiifuata upande mmoja mara nyingi unapata 8, upande wa pili 13. Mtoto aliyehesabu hivyo kwa kidole hachori nanasi kama wavu wa kukisia tu. Anajua kila mstari unatoka wapi na unaishia wapi. Mzazi, nenda sokoni, nunua tunda, liweke mbele ya mtoto. Usimpe simu akopie picha.

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza juisi karibu na soko la Mbuyuni aliwaita wanafunzi wangu wamchoree ukuta wa kibanda. Binti mmoja wa miaka minane alichagua ndizi. Bibi yake ana migomba Kibosho, kwa hiyo hakuniuliza chochote. Alichora mkungu mzima, ndizi zote zimeelekeza ncha juu jinsi zinavyokuwa mgombani, na kila ndizi akaiwekea kile kidoa cheusi cha mwishoni, mabaki ya ua, akakigeuza kofia. Ndizi ndogo kabisa, ya mwisho, imekunja uso kwa sababu wenzake wameiziba. Watu wanasimama kupiga picha. Nimepita pale leo asubuhi, nikakuta baba mtu mzima anamwonyesha mjukuu wake ile ndizi. Nasema wazi, najivunia watoto hawa.

Wazazi, hapa naomba mnisikilize vizuri. Msiwashike watoto mikono wanapochora, na msiwarekebishie kazi zao. Kuna kijana wangu mmoja mdogo alichora embe limenuna, mdomo umepinduka chini, nyusi zimekutana. Nikamuuliza limefanywa nini. "Limechumwa bichi, ticha." Embe lile lilikuwa na kisa chake! Baba yake alipokuja kumchukua akaangalia, akachukua raba, akafuta mdomo na kuchora mwingine unaotabasamu. Alisema embe linatakiwa lifurahi. Mtoto akaikunja karatasi mara nne akaiweka mfukoni, na siku ile hakutaka tena rangi. Baba alikuwa na nia njema, lakini alifuta kitu ambacho mwanawe alikiwaza peke yake. Muulize mtoto tunda lake lina hali gani, kisha nyamaza usikilize.

Wengine mnaniambia katuni hazimlishi mtu. Masoud Kipanya anajulikana nchi nzima kwa kipanya chake. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 Dar es Salaam akichorea rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, na leo jina lake ndilo jina la mtindo wenyewe. Mnalipa tuisheni mpaka Jumapili, lakini penseli za rangi mnasema ni anasa. Mtoto anayechora anajifunza kutazama, na kutazama kutamfaa hata kwenye hayo masomo mnayoyalipia.

Kwenye vitamu, ombi langu ni kwamba mtoto achore anachokula kweli. Wengi huja na keki walizoziona kwenye simu, zote zinafanana. Nawaambia wachore kashata, visheti, kalimati, ubuyu. Ubuyu ndio unaowachekesha kuliko vyote: wanauchora umetoa ulimi mwekundu, maana wanajua unavyopaka vidole na midomo.

Vifaa ni vichache. Kauntabuku, penseli, kalamu nyeusi, raba, penseli za rangi. Mtoto achore kwanza kwa mkono mwepesi, apitishe kalamu juu, asubiri wino ukauke ndipo afute penseli. Rangi zianze na nyepesi. Njano itangulie, kisha chungwa, kisha nyekundu, kwa sababu nyekundu ikitangulia njano inachafuka. Sehemu moja ya tunda, upande unaopigwa na mwanga, iachwe nyeupe.

Walio Moshi, Jumamosi asubuhi mleteni mtoto wa kuanzia miaka mitano, aje na penseli yake na tunda moja. Tunda tutalichora kwanza, kisha tutalila.