Kilichochanua kwangu mwezi huu wa tisa

Dada, umeuliza Septemba hii nani ana maua Dar, maana kwako ni majani matupu. Kwangu Tabata anayetamba ni bogenvilia. Imefunika ukuta mzima kwa rangi ya zambarau, hadi jirani analalamika kufagia. Ukiiangalia kwa karibu utaona ile rangi si ua hasa, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, kama kijitarumbeta.

Nadhani kosa lako ni maji. Bogenvilia hupenda kiu kidogo na jua kali, ndiyo maana kipupwe kikiisha na vuli haijaanza inachanua kwa fujo. Ukiimwagia kila jioni na kuirundikia samadi, inakupa majani. Mimi naiacha mpaka udongo ukauke vidole viwili kwenda chini, ndipo natia maji. Ua likishapukutika, nakata ncha za matawi. Vaa glavu tu, ina miiba haina adabu.

Waridi la jangwani kwenye chungu nalo limetoa maua manne, na asmini inafunguka magharibi ikiingia, dirisha la chumbani lote linanukia. Mawaridi yangu ya kawaida ndiyo yananitesa: maji ya kisima hapa yana chumvi, kingo za majani zinaungua. Hayo nayanunulia ndoo ya maji yasiyo na chumvi.

Mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, usiuhesabu bado, zamu yake ni baadaye. Bogenvilia yako iko chini au kwenye chungu?