Kuhusu usiku wa kumkumbuka Bruce Lee: hiyo flashi ya muvi 30 usiichomeke

Simama hapo hapo mkuu. Unasema tarehe 20 Julai unakusanya watu kumkumbuka Bruce Lee, umeshanunua flashi yenye "muvi zake zote 30", na unauliza uanze na ipi, useme nini mbele ya wageni, spika za aina gani, na watu wavae nini. Mimi nakujibu la flashi. Hayo mengine watakuja wataalamu wake.

Muvi 30 za Bruce Lee hazipo. Umepigwa. Pole.

Bruce Lee wa mateke, huyu tunayemlilia, ana muvi nne na nusu. The Big Boss ya 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon za 1972, na Enter the Dragon ya 1973. Hizo nne alizimaliza akiwa hai. Nusu ni Game of Death, nitaifikia. Ni kweli alicheza filamu nyingi Hong Kong akiwa mtoto, na kuna Marlowe ya 1969 ambayo anaingia kidogo tu, anavunjavunja ofisi ya watu, anaondoka. Lakini nakuhakikishia huyo aliyekuuzia hajahangaika kukutafutia hizo. Amekuwekea Bruce Li. Amekuwekea Bruce Le. Amekuwekea Dragon Lee. Rudi kwenye flashi yako usome majina herufi kwa herufi, mimi nakusubiri hapa.

Umeona?

Mambo yalikwenda hivi. Jamaa alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32, ubongo ulivimba. Enter the Dragon ikatoka Marekani mwezi uliofuata na dunia ikapagawa. Watu wanataka nyingine, na steringi yuko kaburini Seattle. Basi watengenezaji wa Hong Kong, Taiwan na Korea wakaanza kuokota kila kijana mwenye nywele za vile na teke la kuridhisha, wakampa jina linalofanana na la marehemu, wakampiga miwani mikubwa ya giza, kazi ikaendelea. Bruce Li jina lake halisi ni Ho Chung-tao, wa Taiwan, na huyo wala sina ugomvi naye, alikuwa anajua kupigana. Mwaka 1980 wakafika mahali pa kutoa The Clones of Bruce Lee, ambamo profesa anachukua chembe za mwili wa marehemu na kuzalisha nakala zake, halafu nakala zenyewe zinachezwa na hao hao akina Bruce Le na Dragon Lee. Waliona tatizo wakaligeuza hadithi. Ujasiri wa namna hiyo mimi sina.

Sasa sikia kilichonikuta, maana naona unaelekea shimo lile lile, tena kwa mbio.

Na mimi niliandaa usiku kama huo. Nilikodi ukumbi, projekta na viti, nikachapisha picha yake kubwa ikakaa pembeni na mashada. Nikawaalika na wazee wa karate na kung fu, watu waliolelewa na zile muvi, wengine walimfahamu Bruce Lee kabla sijazaliwa. Muuzaji alikuwa ameniambia, nanukuu kwa uchungu: "Hii hawana, hii ni adimu, anza nayo hii." Kava ina sura ya Bruce Lee mwenyewe, imejaa jalada zima. Jina: Bruce Lee Fights Back from the Grave. Nikajisemea, sawa, kichwa cha habari kimekaa vibaya kidogo kwa shughuli ya maombolezo, lakini si ni adimu?

Sikuiangalia kabla. Hapo ndipo niliposhika pabaya.

Taa zikazimwa. Watu wametoka kusimama kimya kwa heshima ya marehemu. Kwenye skrini linatokea kaburi, radi inapiga, na marehemu anaruka kutoka ardhini. Naapa. Ukumbi mzima kimya cha kutisha, halafu mtoto mmoja nyuma akaanza kucheka. Nikajipa moyo kwamba ni utangulizi tu, sasa hivi kazi inaanza. Ikaanza kweli, ila muvi ni ya Kikorea, inamhusu mtu mwingine kabisa, anatembea Los Angeles na shida zake, na habari ya kaburi hairudi tena mpaka mwisho. Kile kipande kilibandikwa mbele ili kuuzia jina. Sura ya steringi ilipovutwa karibu, mzee mmoja wa mstari wa mbele akageuka akaniangalia mimi, siyo skrini, akauliza kwa sauti ya upole sana: "Kijana, huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuhangaika na waya wa projekta ambao haukuwa na tatizo lolote. Niliushughulikia ule waya mpaka karibu uwe na tatizo kweli.

Wazee wakaaga mmoja mmoja kwa adabu, na adabu ndiyo iliyoniuma, afadhali wangenitukana. Hela ya ukumbi imekwenda, ya projekta imekwenda, na wale wazee niliowaita kwa heshima walidhani nawafanyia mzaha. Mwingine mpaka leo tukikutana ananiuliza kama nimeshafufuka.

Na muuzaji nilimrudia. Unajua alisema nini? "Kwani jina si limeandikwa Bruce Lee?" Limeandikwa, ndiyo, kama jina la muvi! Kwenye orodha ya waigizaji halipo! Huyu mtu anajua anachofanya, anauza mbuzi kwenye gunia akiwa amebandika picha ya simba juu ya gunia, halafu anakukazia macho. Na kuna mmoja wa kwenye majukwaa kama haya alinihakikishia kwamba "kolekisheni ile ni orijino, mimi ninayo". Ninayo! Hajawahi kuifungua! Ndugu yangu, kama unasoma hapa, Mungu anakuona.

Kwa hiyo, nne na nusu. Muvi yoyote iliyo nje ya hapo usionyeshe, hata uapiwe. Angalia mwaka na angalia orodha ya waigizaji, achana na kava. Ukikuta muvi ya mateke ya 1974 kwenda mbele yenye sura yake, uliza kwanza marehemu aliigizaje.

Ila angalia, mwaka nao una mtego mmoja. The Way of the Dragon Marekani ilitoka 1974 kwa jina la Return of the Dragon, ndiyo maana wengi wanadhani ni mwendelezo wa Enter the Dragon. Si mwendelezo, ilitengenezwa kabla yake, aliiandika na kuiongoza mwenyewe, ndiyo ile ya kupigana na Chuck Norris kwenye Colosseum ya Roma. The Big Boss nayo Marekani waliiita Fists of Fury, na Fist of Fury yenyewe wakaiita The Chinese Connection. Kwa hiyo unaweza ukawa na The Big Boss na Fists of Fury ukadhani una muvi mbili, kumbe unayo moja mara mbili. Nani alipanga haya majina sijui, ila alitukomesha.

Sasa hiyo nusu. Game of Death alikuwa ameianza, akaiacha kwenda kupiga Enter the Dragon, akafa hajairudia. Iliyotoka 1978 ilimaliziwa na mwongozaji Robert Clouse kwa watu wa kuazima na ndevu za bandia, na kuna sehemu sura ya Bruce Lee ni karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Mbaya zaidi, wameingiza picha halisi za mazishi yake ya Hong Kong, maiti ikiwa kwenye jeneza, kama sehemu ya hadithi. Hiyo usiwaonyeshe watu waliokuja kumkumbuka, tafadhali. Ruka mpaka kule juu kwenye mnara, pale anapopambana na Dan Inosanto, kisha Ji Han-jae, kisha mcheza kikapu Kareem Abdul-Jabbar mwenye urefu wa mita 2.18 anayemwachia alama ya kiatu kifuani. Hapo ni yeye mwenyewe, na ni dakika chache mno. Zima taa, waache watazame, usiongee.

Kwenye hotuba yako umesema utataja kwamba "alifia kazini akiigiza". Futa. Alifia kwenye nyumba ya mwigizaji Betty Ting Pei, alipumzika akiwa na maumivu ya kichwa akameza kidonge, hakuamka. Aliyefia kwenye kurekodi ni mwanawe Brandon, Machi 1993, kwa bunduki iliyotakiwa kuwa salama kwenye muvi ya The Crow. Amelazwa pembeni ya baba yake. Ukiwachanganya hao wawili mbele ya wazee wa kung fu, hakuna waya wa projekta utakaokuokoa.

Kuanza, anza na Fist of Fury. Mavazi sijui, ila mtu yeyote mwenye tumbo asivae ile suti ya njano yenye mstari mweusi ya Game of Death, nimeona, haipendezi. Spika nimesahau uliuliza nini.

Piga picha orodha yote ya flashi, majina na miaka, uiweke hapa leo kabla hujatuma mialiko. Nitakuambia za kufuta. Na jina la huyo muuzaji nitumie inbox, nahisi tunafahamiana.