Maji ya kufuatia nyati mwezi wa kumi

Mkuu, umesema mko watatu, leseni ya uwindaji wa wenyeji mnayo, mnaingia porini upande wa Manyoni siku nne mwezi wa kumi kutafuta nyati, na unauliza kama katoni tatu za maji zitatosha. Siku ya pili jioni mtakuwa mnakamua chupa.

Nimefuata nyayo misimu sita kwenye vitalu vya huko. Kwanza mko wanne, maana askari wa wanyamapori naye anakunywa. Kila mtu mhesabie lita 10 kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa kidogo. Jumla lita 160, yaani madumu manane ya lita 20. Ongezeni mawili, ya gari na ya kunawia damu. Dumu lililowahi kubeba dizeli achana nalo hata lioshwe mara kumi, chai itakwambia.

Hayo ni ya kambini. Kazi iko kwenye ya mgongoni. Nyati hunywa usiku au alfajiri, kwa hiyo nyayo mbichi utaziokota dimbwini, na kuanzia hapo kila hatua anakutenga na maji akitafuta kivuli cha kulala. Unakwenda na ubaridi wa asubuhi, unarudi saa saba jua liko utosini, pengine na nyama begani. Wanaogawa nusu ya kwenda na nusu ya kurudi siwaelewi. Mimi nikibeba lita 5, mbili zikiisha sijamwona nageuka, hata kinyesi chake kiwe bado kinafuka.

Hili nililipia. Msimu mmoja maji ya watu watano tulimbebesha kijana mmoja, dumu moja. Kizibo kikalegea, maji yakamtiririka mgongoni akadhani jasho. Tunashtuka saa sita, gari liko mbali. Tulichimba kwa sahani kwenye mchanga wa korongo, pale tembo walipokwishachimba, tukakaa tunayatazama yakijikusanya polepole, rangi ya chai ya maziwa, nyuki wamejaa ukingoni. Tukachuja kwa shuka, tukachemsha kwenye kopo. Mwenzetu mmoja hakungoja yachemke. Aliharisha siku mbili, safari ikaishia hapo. Tangu siku ile kila mtu anabeba yake.

Vidonge vya klorini bebeni, ila maji ya tope yachujwe kwanza, vinginevyo dawa inaishia kwenye tope. Dimbwi lenye mzoga karibu msiliguse kabisa, kimeta, ugonjwa wa wanyama unaopata hata watu, si mchezo. Na msinywe maji matupu kutwa nzima mnatoka jasho. Tieni pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya anayeharisha, kwenye chupa moja kila mtu. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, kaeni kivulini mnywe, nyati asubiri.

Kabla ya kutoka kambini kila mtu anywe nusu lita hata kama hana kiu. Na ndani ya gari liachwe dumu moja zima ambalo asubuhi halifunguliwi na mtu yeyote, askari akiwemo.