Maswali ya Wasomaji: Ukali wa Maneno na Mahali Pake

SWALI: Mhariri, huwa naandika makala za kutetea haki za raia, lakini naambiwa kwamba maneno yangu ni makali na bado hayamshawishi asiyekubaliana nami. Wengi hunielekeza kwenye barua aliyoiandika Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za Wamarekani Weusi, akiwa gerezani Birmingham. Je, nguvu ya barua ile imo katika lugha au katika mpangilio?

JIBU: Ndugu msomaji, imo katika vyote viwili, ingawa ningekushauri uanze na mpangilio, kwa sababu ndio unaoifanya lugha kali ya barua ile ikubalike.

King alikamatwa tarehe 12 Aprili 1963 mjini Birmingham, jimbo la Alabama, kwa kuandamana kinyume cha amri ya mahakama. Katika tamko lenye tarehe hiyo hiyo, viongozi wanane wa dini, wote Wazungu, walisema kwamba maandamano hayo hayakuwa ya busara wala hayakuja kwa wakati wake. Barua ya King, ya tarehe 16 Aprili, inawaita viongozi hao wenzake, inaitaja kila lawama yao bila kuipotosha, kisha inaijibu. Kwa lawama ya kwamba yeye ni mgeni, anaeleza kuwa alialikwa na wenyeji. Kwa wanaouliza kwa nini asijadiliane, anataja hatua nne za kampeni isiyotumia nguvu: kukusanya ushahidi wa dhuluma, kujadiliana, kujitakasa nafsi, na ndipo kuingia katika vitendo. Anaongeza kwamba wafanyabiashara waliahidi kuondoa mabango ya ubaguzi madukani, lakini machache yaliyoondolewa yakarudishwa, na mengine hayakuguswa kabisa.

Ni baada ya ushahidi huo tu ndipo anapoigeukia lawama ya kutokuwa na subira, na hapo anaandika sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300. Vishazi vyake vinafuatana kwa mwanzo ule ule: unapowaona watu wakiuawa na makundi yenye hasira, unapowaona polisi wakiwapiga ndugu zako, na katikati yake, baba anayeshikwa na kigugumizi akimweleza binti yake wa miaka sita kwa nini haruhusiwi kwenda kwenye bustani ya michezo aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni. Kishazi kikuu kimecheleweshwa hadi mwisho, kwamba hapo ndipo mtakapoelewa kwa nini tunaona vigumu kusubiri, na msomaji aliyekuwa akihimiza subira anajikuta amesubirishwa na sentensi yenyewe. Kwangu mimi hakuna ufundi mkubwa kuliko huo katika barua nzima. Angalia pia kwamba mtoto yule hakupambwa kwa sifa za kutia huruma: machozi yake yanatosha.

Hata mashahidi wake wamechaguliwa kwa kuwafikiria wasomaji. Anapotofautisha sheria ya haki na isiyo ya haki, anawataja Augustino na Thomas wa Akwino, wanaoheshimiwa na Wakristo, pamoja na Martin Buber, mwanafalsafa wa Kiyahudi, kwani miongoni mwa wale wanane alikuwamo rabi mmoja.

Kwa hiyo, katika makala yako ijayo, andika kwanza hoja ya mpinzani kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikiri kuwa ni yake, ijibu kwa ushahidi, na sentensi yako kali kuliko zote uiweke baada ya ushahidi huo.