Vikoa Vyako Vimeandikwa kwa Jina la Nani?

Natengeneza tovuti hapa Kigoma: za nyumba za wageni, wauza dagaa na mawese, shule, vikundi vya kina mama. Mteja akija na tovuti ya zamani, kabla ya yote namuuliza: kikoa, yaani jina la tovuti kama lile linaloishia na .com, kimesajiliwa kwa jina la nani, na barua pepe iliyoandikwa kule ni ya nani? Wengi hunijibu, "Alishughulikia kijana mmoja, siku hizi yuko Dar."

Jibu hilo hunitia hofu. Msajili, yaani kampuni inayoandikisha vikoa, anamtambua aliyeandikwa kuwa mmiliki; aliyetoa hela hamjui. Halafu barua pepe ile ndiyo ufunguo wenyewe: vikumbusho vinakwenda huko, na nywila ikipotea ni huko huko. Ndiyo maana nawakataza wateja kusajili kikoa kwa barua pepe inayoishia na kikoa hicho hicho. Muda wa kikoa ukiisha, kikoa na barua pepe vinazimika pamoja, na barua ya kukuokoa haina pa kufikia.

Kwa hiyo weka daftari la vikoa vyako. La karatasi linatosha kabisa. Mstari mmoja kwenye langu, wa nyumba ya wageni pale Mwanga, unasomeka hivi: kinaisha Agosti, mama mwenye nyumba analipa kwa simu, barua pepe ni yake, namba ni yake, msajili ni fulani. Nywila haimo humo.

Kama umesahau una vikoa vingapi, tafuta risiti kwenye barua pepe zako zote, hata ile ya tangu chuo, kisha pitia miamala ya simu na benki. Tarehe ya kuisha kwa .com utaiona kwenye tovuti ya lookup.icann.org. Usishtuke usipoona jina lako. Tangu 2018 taarifa nyingi za watu binafsi hufichwa. Jina lihakiki ndani ya akaunti yako kwa msajili.

Kwa .com, msajili anatakiwa kukukumbusha kama mwezi mmoja kabla, na tena kama wiki moja kabla. Ukipitiliza, wengi hukupa siku kadhaa za kulipa bei ya kawaida. Kikishafutwa una siku 30 za kukikomboa, kwa ada inayouma, kisha siku 5 ambazo hakikomboleki tena, halafu yeyote anaweza kukichukua. Vya .co.tz na .or.tz vina utaratibu wake, muulize msajili wako mapema.

Kuna vikoa ambavyo huvihitaji tena, na si vibaya kuviacha. Ila atakayekisajili baada yako anaweza kupokea barua zinazotumwa kwa anwani zako za zamani, pamoja na zile za kubadilisha nywila. Kwanza ondoa anwani hizo benki, Facebook, na kwenye akaunti za ofisi. Lipia mwaka mmoja zaidi uone nani bado anaandika huko, umpe anwani mpya, ndipo ukiache.