Kaa mwisho wa benchi siku ya hisa

Mdogo wangu uliyepangiwa kata juzi kama afisa maendeleo ya jamii, wakubwa wako watakuuliza idadi kwanza: umesajili vikundi vingapi, vingapi vimepata mkopo. Wajibu, ndiyo kazi. Ila idadi hiyo isikudanganye.

Mimi ilinidanganya. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Watu wanajua. Wanaungana Jumatatu, Jumatano wanataka katiba ya kikundi ili wasajiliwe. Nilikuwa na katiba moja kwenye flashi, nikibadilisha jina na tarehe tu. Vijana fulani wa mradi wa kuku walipata fedha wakagawana, na banda halikujengwa. Nilipomfuata katibu wao kudai marejesho, akaniuliza mimi kikundi chao kinaitwaje.

Mikopo iliposimamishwa Aprili 2023, kabla ya kurejeshwa 2024, nilizunguka kuona nani bado wanakutana. Niliwakuta wale ambao hawakuwahi kunihitaji: vikoba vya kuweka na kukopa, vikundi vya kuzikana, vya kulimiana kwa zamu.

Basi nenda kikoba siku ya hisa, wanachama wanapoweka fedha zao, ukae mwisho wa benchi, unyamaze. Sanduku la bati lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza: "Mara ya mwisho tulifunga na ngapi?" Wote wanajibu kwa pamoja. Siku moja mwekahazina alitaja pungufu kwa elfu mbili, bibi mmoja asiyejua kusoma akamkatiza hapohapo. Zikahesabiwa upya. Bibi alikuwa sahihi.

Bibi huyohuyo nilimwona kwenye mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mwembe, kimya mwanzo hadi mwisho. Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa mbiombio kama tangazo la kifo redioni. Maswali? Hakuna. Tufunge mkutano.

Pale ndipo nilipoielewa kazi yangu. Yule bibi hakuhitaji semina ya ushirikishwaji, maana uwajibikaji anaufanya kila wiki. Hakuna tu aliyemwonyesha kwamba fedha ya kijiji nayo ni sanduku, na yeye ana ufunguo. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo hutakiwa angalau kila miezi mitatu. Nikaanza kuomba dakika kumi baada ya sanduku kufungwa, tunasoma taarifa ya kijiji pamoja, polepole. Swali watunge wenyewe. Ukiwatungia wewe, litajulikana ni lako, na utahamishwa.

Mweleze pia mtendaji wa kijiji mapema kwamba swali linakuja. Mimi sikumweleza. Mkutano uliofuata bibi alisimama, akafunga kanga vizuri, akauliza: "Mtendaji, mara ya mwisho tulifunga na ngapi?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza wakisubiri jibu. Halikuwepo. Mtendaji alininunia miezi miwili, na haki alikuwa nayo, maana nilimwacha aumbuke. Siku hizi salio la robo iliyopita ndilo husomwa kwanza.

Hakikisha swali na jibu vimeingia kwenye muhtasari. Kisichoandikwa, halmashauri watakuambia hakikusemwa.

Lakini usije ukaita vikundi vitano ofisini ukaandika kwamba umeshirikisha wananchi. Kikoba kina hisa, na asiye na ya kununulia hisa hayumo: kibarua wa mashamba ya watu, mzee anayeishi na wajukuu, binti aliyeolewa juzi ambaye mumewe hajamruhusu. Hao uwafuate kisimani na kwenye foleni ya zahanati, kabla ajenda haijabandikwa ubaoni.