Maswali na Majibu: Nyota za Kwenye Friji Anazihesabu Nani?

Barua ni nyingi, nafasi ndogo. Wale mlioandika tena kuhusu chaja ya simu iliyoachwa ukutani bila simu: chaja ya kisasa iliyo nzuri hula chini ya wati 0.1, yaani chini ya uniti moja kwa mwaka mzima. Tuendelee na mambo mazito.

Wakala wa serikali wa ufanisi wa nishati una kazi gani hasa? Sisi tunawaona kwenye matangazo tu, wakituambia tuzime taa.

Kama unawaona kwenye matangazo tu, una haki ya kulalamika, maana hiyo ndiyo kazi yao ndogo kuliko zote. Kubwa ya kwanza ni kuweka kiwango cha chini: kifaa kinachokula umeme kupita kiasi fulani kisiuzwe kabisa. Ya pili ni lebo yenye nyota au herufi, ili mnunuzi atofautishe kizuri na cha kawaida. Ya tatu ni kukagua kama namba za kwenye lebo ni za kweli.

Kiwango cha chini ndicho chenye nguvu, kwa sababu hakimwombi mtu yeyote abadili tabia. Tazama friji za Marekani. Katikati ya miaka ya 1970 friji mpya ya wastani ilikula karibu uniti 1,800 kwa mwaka. Jimbo la California likaanza kuweka viwango, serikali kuu ikafuata kwa sheria ya 1987, kisha viwango vikakazwa mara kadhaa. Leo friji mpya hutumia kama theluthi moja ya umeme ule, na ni kubwa kuliko za zamani. Hakuna aliyehubiriwa jikoni kwake. Mabati yalijazwa sponji nene zaidi, kompresa ikaboreshwa, mpira wa mlango ukakazwa, basi.

Wajapani walikwenda mbali zaidi mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mpango wao wa Top Runner: kifaa bora kilichoko sokoni leo ndicho kinachotumika kuweka shabaha ambayo kila mtengenezaji atatakiwa kuifikia baada ya miaka kadhaa. Ukiwa wa mwisho, unakimbia au unatoka.

Nimenunua friji ya nyota 5 na bili haijashuka hata kidogo. Lebo ni uongo?

Huenda ni uongo, lakini anza na kosa lako mwenyewe. Katika mipango mingi nyota hulinganisha friji za ukubwa na aina moja. Friji ya lita 600 yenye nyota 5 inaweza kula umeme kuliko ya lita 150 yenye nyota 3. Kwa hiyo acha kuhesabu nyota, soma ile namba ya uniti kwa mwaka, igawe kwa 365. Ikiwa lebo inasema 292, friji yako inapaswa kula 0.8 kwa siku.

Sasa pima. Tafuta mita ndogo ya kuchomeka kati ya soketi na plagi, iache siku tatu kamili. Saa moja haitoshi: kompresa huwaka na kuzima, na friji zinazojiyeyusha barafu zina hita ndani ambayo huwaka kwa vipindi, hivyo ukipima muda mfupi utapata namba ya ajabu, juu au chini. Kumbuka pia kwamba kipimo cha kimataifa, IEC 62552, hufanyika mlango ukiwa umefungwa, katika chumba cha nyuzi 16 na kingine cha nyuzi 32. Watoto wako hawaishi maabara. Kuzidi lebo kwa kiasi fulani ni kawaida. Kuwa mara mbili yake si kawaida.

Ikizidi sana, bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kukwaruza, mpira umelegea mahali hapo. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo. Kisha angalia nafasi nyuma: ukiisukuma friji mpaka iguse ukuta, joto halina pa kwenda na kompresa haipumziki. Acha sentimita 5 hadi 10, au zile zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Mabomba ya nyuma yakiwa na koti la vumbi, chomoa plagi uyapige brashi. Mwisho, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji usiku kucha. Nyuzi 4 zinatosha, na -18 kwenye sehemu ya barafu. Nusu ya wanaoniandikia wamezungusha kitufe cha baridi hadi mwisho siku ya kwanza na hawajakigusa tena.

Kilowati na kilowati-saa si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Kilowati ni kasi ya kula, kilowati-saa (uniti) ni kilicholiwa. Naomba swali hili lisirudi mwaka huu.

Kuna kifaa cha kuchomeka ukutani kinachopunguza bili kwa asilimia 40. Mbona serikali haikitangazi?

Kwa sababu hakipunguzi. Fungua kimoja: utakuta kapasita (kijidude kinachotunza umeme kwa muda mfupi na kuurudisha), taa ya kijani na vipande vichache vya kuwasha hiyo taa. Kapasita hupunguza ule umeme unaokwenda na kurudi kwenye waya bila kufanya kazi, lakini mita ya nyumbani huhesabu umeme uliofanya kazi. Hukuwa ukilipia kile kinachopunguzwa. Muuzaji atakuonyesha ampea zikishuka, na kweli zitashuka. Mwambie akuonyeshe uniti.

Kiwandani ni habari nyingine. Huko wateja wengi hutozwa adhabu pawa fakta (kipimo cha sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli) ikishuka, na kapasita zilizopigiwa hesabu na kufungwa kwenye paneli hurudisha gharama yake. Wauzaji huchukua ukweli wa kiwandani wakauuza sebuleni. Tena kapasita za bei poa huvimba na kuungua. Hapo ndipo ningependa kuuona wakala ukitoka ofisini.

Friji yetu ilikuwa na A+++, sasa ile ile dukani imeandikwa E. Imeharibika?

Rula ndiyo iliyobadilika. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia ngazi mpya ya A hadi G tarehe 1 Machi 2021, kwa sababu karibu kila kitu kilikuwa kimejazana kwenye A zenye misalaba. Linganisha uniti kwa uangalifu, maana njia ya kupima nayo ilibadilishwa.

Si watengenezaji wenyewe ndio wanaopima? Kwa nini tuwaamini?

Swali hili nililingoja. Mwaka 2010 wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walibuni kampuni hewa na bidhaa hewa 20 wakaziombea alama ya Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa kutambulisha vifaa visivyokula umeme mwingi, ulioanza 1992. Bidhaa 15 zilipitishwa. Mojawapo ilikuwa saa ya kuamshia inayoendeshwa kwa petroli. Nyingine, waliyoiita kisafisha hewa, ilikuwa hita ya umeme iliyobandikwa manyoya ya kufutia vumbi na karatasi za kunasia nzi, na picha yake ilikuwa kwenye maombi. Baada ya aibu hiyo, kuanzia 2011 vipimo vikatakiwa kutoka maabara zilizoidhinishwa na cheti kutoka kwa mtu wa tatu asiye mtengenezaji.

Ikiwa hilo lilitokea kwa mpango mkubwa hivyo, usiulize wakala wako umetoa lebo ngapi. Uliza mwaka jana ulinunua vifaa vingapi dukani, kimya kimya, kwa pesa yake, ukavipeleka maabara, na ni majina gani yalitangazwa. Sampuli iliyoletwa na mtengenezaji ni sampuli iliyochaguliwa.

Kiwanda chetu kimeambiwa kifanye ukaguzi wa nishati. Tuandae nini?

Bili za miezi 12, orodha ya mota zenye kilowati na saa zake za kazi, na mtu mwenye funguo za kila chumba. Halafu msimngoje mkaguzi kwa mambo mawili.

Hewa ya kompresa: siku mashine zote zimesimama, acha kompresa imewaka na upime muda. Ikijaza dakika 2 na kupumzika 8, asilimia 20 ya uwezo wake inaishia kwenye uvujaji. Tundu la milimita 3 kwa presha ya bar 7 hula kama kilowati 3 za kompresa. Mwaka mzima bila kuzimwa ni zaidi ya uniti 25,000. Maji ya sabuni na brashi yatayaonyesha matundu.

Pampu na feni zinazobanwa kwa valvu: ukipunguza kasi hadi asilimia 80, nguvu hushuka hadi karibu asilimia 51. Lakini sikilizeni, hesabu hiyo ni ya maji yanayozunguka au hewa kwenye mabomba. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu haiifuati, na punguza kasi kupita kiasi maji hayatafika kabisa. Wauza vidhibiti vya kasi huwa wanasahau kuitaja sehemu hiyo.

Kiyoyozi niweke nyuzi ngapi?

24 hadi 26, na feni juu. Kuweka 16 hakupoozi chumba haraka zaidi. India iliagiza viyoyozi vipya vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa 24 kuanzia Januari 2020, na unaruhusiwa kubadilisha.

Friji ya mtumba ni nafuu. Kuna ubaya?

Upo: unafuu wa bei unaweza kumezwa na bili ya umeme. Ghana ilitunga kanuni za kupiga marufuku friji zilizotumika mwaka 2008, na Tume yake ya Nishati ikaanza kuzisimamia 2013, huku wenye friji kuukuu wakipewa punguzo wakizisalimisha. Ukikuta imejazwa gesi upya, muulize fundi amejaza aina gani na gramu ngapi, kisha tazama kibati cha nyuma. Visipolingana, iache hapo hapo.